Mtego mtupu si dalili kwamba kamba wa Naivasha amekwisha

NI rahisi kwa mvuvi anayeinua mtego katika Ziwa Naivasha na kuukuta hauna kitu kuhitimisha kwamba kamba wa maji baridi amekwisha. Ni rahisi vilevile kwa afisa anayetazama takwimu za mavuno zikiporomoka kuamini kwamba mgeni huyo, aliyelitikisa ziwa kwa zaidi ya nusu karne, si tishio tena.

Maumbile ya mnyama mwenyewe hayaruhusu hitimisho hilo. Kamba huyu ni mchimbaji. Jike anapokaribia kutaga huacha kutafuta chakula, hujichimbia ardhini, huziba mlango kwa tope na kubaki humo na mayai yake. Wakati anapobeba kizazi cha kesho ndio wakati ambapo mtego hauwezi kumfikia.

Kwa mintarafu hiyo, mjadala kuhusu kamba wa Naivasha haufai kuishia kwenye swali la wangapi wamevuliwa. Swali lenye uzito zaidi ni wa umri gani, wa jinsia gani, na wangapi wamo ndani ya mashimo. Asiyeuliza hayo huweza kutangaza ushindi wakati adui yumo katika chumba cha uzazi.

Suala hili si la wanasayansi peke yao. Linagusa mfuko wa mvuvi wa Naivasha, mimea ya ziwa, kaa wa asili wa Mto Malewa na mabwawa ya wakulima katika sehemu nyingi za nchi ambako kamba hawa hawajafika bado.

Mgeni wa 1970

Bara la Afrika halikujaliwa kamba wa asili wa jamii hii. Katika eneo zima la Afrika, ni kisiwa cha Madagascar pekee kilicho na kamba wake wa maji baridi wa tangu jadi. Wakazi wa pwani ya Kenya wanawajua kamba na kamba-mawe wa baharini, lakini huyu wa Naivasha ni wa ukoo mwingine na kwao ni mbali.

Wataalamu humwita Procambarus clarkii. Asili yake ni vinamasi vya Louisiana na maeneo jirani ya kusini mwa Marekani, hadi kaskazini mashariki mwa Mexico. Ana magando mawili imara, rangi yake akikomaa ni nyekundu iliyokolea, na aghalabu urefu wake hauzidi sana sentimita 12.

Aliingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, kwanza Uganda na kisha Kenya. Mnamo 1970 akatiwa katika Ziwa Naivasha kwa nia ya kuimarisha uvuvi. Hadi leo, wageni wanaozuru Ziwa Bunyonyi kusini magharibi mwa Uganda huandaliwa kamba wa aina iyo hiyo mezani.

Waliomleta walikuwa na hoja. Naivasha lilikuwa ziwa maskini wa samaki. Samaki wake mmoja wa asili, mdogo asiye na thamani sokoni, alionekana kwa mara ya mwisho mwaka wa 1962. Samaki wote waliotegemewa na wavuvi walikuwa wa kupandikizwa: ngege walianza kutiwa humo 1925 na wengine 1956, naye besi wa mdomo mpana, mla-nyama kutoka Marekani, aliletwa mara ya kwanza mwaka wa 1929.

Isitoshe, soko la Ulaya lilikuwa na njaa ya kamba. Ugonjwa unaosababishwa na vimelea mithili ya kuvu, ambao chanzo chake ni Marekani Kaskazini, uliingia Ulaya katika karne ya 19 na kuwaangamiza kamba wa asili wa huko. Sweden, ambako kula kamba mwezi wa Agosti ni desturi, ulibisha hodi mwaka wa 1907. Tangu hapo walaji wengi wa Ulaya wamelazimika kutegemea kamba wa kuagizwa.

Uvunaji wa kibiashara Naivasha ulianza mnamo 1975. Katika miaka iliyofuata mamia ya tani yalivuliwa kila mwaka na sehemu kubwa kuuzwa ng'ambo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, neema hiyo ilikuwa imeanza kuyeyuka.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alipofika, mwenyeji mmoja alipona kwa muda, naye ni mfanyabiashara. Wenyeji wengine hawakuwa na bahati hiyo.

Uzazi wa chini ya ardhi

Ili kuelewa yaliyotokea, inafaa kufuata maisha ya kamba mmoja tangu kujamiiana hadi watoto wake kujitegemea.

Dume wa jamii hii huishi katika sura mbili. Akiwa tayari kuzaa, magando yake hunenepa na vijiti mfano wa ndoano hujitokeza kwenye miguu yake ya kutembelea, navyo humsaidia kumshika jike. Msimu wake ukipita hujivua gamba na kurudia sura ya utulivu, magando yakiwa madogo na ndoano zikiwa butu. Kwa hiyo mtaalamu akitazama madume pekee anaweza kukadiria ni sehemu gani ya jamii iliyo tayari kuzaa.

Jike ana hazina nyingine. Baada ya kujamiiana, huhifadhi mbegu za kiume katika kifuko kidogo kilicho chini ya mwili wake, katikati ya miguu ya nyuma. Mbegu hizo zinaweza kukaa humo kwa majuma, na hata miezi, kabla ya kutumika. Jike hahitaji dume awe karibu siku anayotaga.

Wakati ukiwadia, jike huchimba. Hutafuta ukingo wa udongo wenye unyevu na kuteremka chini, aghalabu kwa kina kisichofika mita moja, hadi mahali penye maji au tope zito. Udongo anaoutoa huurundika mlangoni, ukafanana na bomba fupi la moshi, kisha huuziba. Mara nyingine dume huwamo pamoja naye. Mara nyingine jike huwa peke yake.

Humo ndimo anamotaga. Mayai hutungika kwa utomvu kwenye vijiguu vidogo vilivyo chini ya mkia, yakaning'inia kama kichala cha zabibu. Jike wa kimo cha wastani huwa na mia kadhaa, na wakubwa hufikisha 500 na zaidi.

Katika joto la nyuzi 23 za Selsiasi, mayai huanguliwa baada ya takriban majuma matatu. Watoto hawatawanyiki mara moja. Huendelea kung'ang'ania mkia wa mama, hujivua gamba mara mbili, na baadaye ndipo huanza kujitegemea. Mvua ikinyesha na mlango wa shimo kulainika, jike hutoka na familia nzima.

Kuanzia hapo mwendo ni wa kasi. Kamba hukua kwa kujivua gamba, na hufanya hivyo mara nyingi kabla ya kukomaa. Katika maji yenye joto na chakula cha kutosha, anaweza kuwa tayari kuzaa akiwa na umri wa miezi mitatu hadi mitano. Wengi huishi mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu tu, lakini muda huo unawatosha.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme jike mmoja ametaga mayai 300. Watoto wawili tu wakiponea hadi wakazaa, jamii haiongezeki wala haipungui. Wakiponea wanne, idadi imekuwa maradufu katika kizazi kimoja, na huku zaidi ya 290 wamekufa.

Kwao Louisiana, majira ya baridi na kiangazi huweka mpaka katika uzazi. Naivasha, ziwa lililo karibu na ikweta katika kimo cha takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, halina majira ya baridi ya kuganda. Hakuna mwezi wa kalenda unaomzuia kamba kuzaa.

Kinachoonwa na mtego

Kenya ilipofanya sensa ya watu mwaka wa 2019, haikuishia kwenye jumla ya watu milioni 47.6. Iliuliza umri na jinsia ya kila mtu, kwa sababu taifa lenye watoto wengi na taifa lenye wazee wengi yana kesho tofauti hata kama jumla ni moja.

Kamba nao wanahitaji sensa ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba karani anayetumwa, yaani mtego, ana upendeleo.

Mtego wenye chambo huwanasa wanaotembea wakitafuta chakula, na zaidi wale wakubwa, wenye nguvu ya kuwafukuza wadogo mlangoni. Watoto hupenya kwenye matundu ya wavu au hujificha katikati ya mimea na mizizi ya mafunjo. Majike wenye mayai huwa wamo mashimoni. Ndiyo maana jike mwenye mayai ni nadra kupatikana mtegoni, hata mahali ambapo kamba wamejaa.

Anayesoma mavuno ya mtego kama sensa husoma, kwa kweli, orodha ya madume wakubwa na majike wasio na mimba. Orodha hiyo ikipungua, maelezo yanaweza kuwa mawili yanayopingana. Huenda jamii inakufa. Huenda pia majike wengi wamejichimbia kwa wakati mmoja, na baada ya majuma machache kingo za ziwa zitajaa watoto wasiozidi ukucha kwa ukubwa.

Njia ya kutofautisha hali hizo mbili inajulikana. Mitego huchanganywa na nyavu za mkono zinazokokotwa kwenye mimea ya ukingoni, ili watoto wapatikane. Kila kamba hupimwa urefu wa gamba lake la mgongo, jinsia yake huandikwa, na sura ya dume hubainishwa. Mashimo ya ukingoni huhesabiwa, na baadhi huchimbuliwa. Kazi hiyo hurudiwa mwezi baada ya mwezi. Ni kazi ya tope na uvumilivu, lakini haihitaji mitambo ya gharama kubwa.

Upendeleo wa mtego una athari nyingine kwa wanaotumaini kwamba kamba wanaweza kumalizwa kwa kuliwa. Kamba hula wenzao, hasa wadogo na waliotoka kujivua gamba ambao ngozi yao ni laini. Wakubwa wakiondolewa peke yao, wadogo hupata nafuu na chakula zaidi, wakakua haraka. Uvuvi wa namna hiyo waweza kulisha familia, lakini hauwezi kumtokomeza mnyama huyu.

Mkulima anayekausha ili avune

Ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu nguvu ya shimo unatoka kwao kamba, Louisiana. Huko wakulima huwafuga katika mashamba yenye maji, mengi yakiwa ya mpunga.

Mwishoni mwa msimu wa kuvuna, karibu na mwezi wa Mei au Juni, mkulima huyatoa maji shambani taratibu. Asiyejua angedhani anawaua kamba wake. Kinyume chake ndicho cha kweli. Maji yakipungua, kamba huchimba mashimo kwenye matuta, na majike hutaga humo chini huku juu pakiwa pakavu. Mnamo Oktoba mkulima huyarudisha maji, na majike hutoka na watoto wao. Mkulima huyo hanunui mbegu kila mwaka. Shimo ndilo ghala lake.

Kwa nchi kama Kenya, funzo hilo lina uzito. Ukame unapokausha bwawa, samaki hufa na watu huamini kwamba kila kilichokuwamo kimekufa nao. Ikiwa bwawa hilo lilikuwa na kamba, kukauka kwake si mwisho wao. Huenda kumewapa ishara ya kuzaa.

Naivasha lenyewe ni ziwa la kupanda na kushuka. Mnamo 2009 ukame ulilisukuma nyuma sana. Mwaka wa 2020 maji yalipanda na kuwafurusha watu waliokuwa wakiishi kandokando yake. Kwa samaki wengi mabadiliko hayo ni mashaka. Kwa mnyama mwenye shimo, maji yanapokupwa hupata matope mapya ya kuchimba, na yanapojaa hupata nyasi zilizozama za kulishia watoto.

Kama wa Louisiana wamefanikiwa kwa kukusudia, kwingineko mashimo hayo yamekuwa kero. Nchini Uhispania na Ureno, ambako mnyama huyu aliingizwa kuanzia 1973, kamba hutoboa kingo za mashamba ya mpunga na mifereji, maji yakavuja. Umoja wa Ulaya ulimwingiza katika orodha yake ya viumbe vamizi mwaka wa 2016. China nayo imemgeuza kuwa biashara kubwa inayozalisha zaidi ya tani milioni mbili kwa mwaka.

Ziwa lililovuliwa nguo

Athari za kamba katika Naivasha hazikuchukua muda kuonekana. Kabla ya ujio wake, sehemu kubwa ya maji ya kina kifupi ilikuwa na vitanda vya mimea iliyozama na mayungiyungi ya buluu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mimea hiyo ilikuwa karibu kutoweka kabisa.

Wavuvi nao walikuwa na malalamiko yao. Kamba waliwala samaki walionaswa kabla ya wenye nyavu kuamka, na kuziharibu nyavu zenyewe. Malalamiko hayo yalikuwa yamekwisha kurekodiwa na watafiti kufikia 1977, miaka saba tu baada ya kamba kutiwa ziwani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kamba walipopungua, mimea ilianza kurejea. Watafiti wa Naivasha, miongoni mwao David Harper wa Chuo Kikuu cha Leicester aliyelichunguza ziwa hili kwa miongo kadhaa, waliona mfano wa pembea: mimea ikistawi kamba huongezeka, kamba wakiongezeka mimea huisha, mimea ikiisha kamba hukosa chakula na maficho, nao wakapungua.

Pembea hiyo ndiyo inayoonya dhidi ya haraka ya kutangaza kwamba kamba wamekwisha. Waliwahi kupungua, na wakarudi.

Hata hivyo, ni haki kueleza kwamba si kila kitu kilichotokea Naivasha ni hatia ya kamba. Ziwa hili limebeba mengi: gugu maji lililoonekana mnamo 1988, uchotaji wa maji kwa kilimo cha maua, na mbolea na tope linaloletwa na mito. Lilitambuliwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka wa 1995, lakini hadhi hiyo haikuyaondoa mashinikizo hayo.

Mgeni mwingine, samaki aina ya karpi, aligunduliwa ziwani mnamo 2001. Kufikia 2006 yeye ndiye aliyetawala mavuno ya wavuvi. Karpi hutifua matope, hung'oa mimea na kula wanyama wadogo wa sakafuni, wakiwamo watoto wa kamba. Kwa hiyo kupungua kwa kamba baada ya 2001 kunaeleweka. Lakini kupungua kwa sababu ya mla-watoto si sawa na kutoweka: karpi huvinjari majini, lakini hawezi kuingia shimoni.

Besi wa mdomo mpana naye alinufaika. Kamba walipoenea, ndio waliokuja kuwa chakula chake kikuu ziwani humo. Fisi maji na ndege wa majini nao hawakukataa. Kila mlaji huyo sasa ana sehemu ya maisha yake inayomtegemea mgeni, jambo linalofanya hata wazo la kumwondoa kamba liwe na gharama zake.

Kutoka ziwani hadi mitoni

Hatari kubwa zaidi leo haiko katikati ya ziwa. Iko katika mito inayoliingia, na katika ndoo inayoweza kumbeba kamba kutoka bonde moja hadi jingine.

Mto Malewa, unaoleta sehemu kubwa ya maji ya Naivasha, ni makao ya kaa wa asili wa maji baridi. Uchunguzi uliofanywa na watafiti wa Leicester mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kamba wakipanda mto kutoka ziwani huku kaa wakipatikana zaidi sehemu za juu ambako kamba hawajafika. Wawili hao hugombea chakula kimoja na maficho mamoja, na kamba huzaa kwa kasi asiyoiweza kaa.

Waswahili husema kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Mtoni Malewa, mwenye gando la kukata shauri amekuwa kamba.

Bonde la Ewaso Ng'iro, ambalo halina uhusiano wa maji na Naivasha, nalo limevamiwa. Huko watafiti waliwagundua kamba kwa kuchunguza mabaki ya chakula cha fisi maji, ambao kitoweo chao cha asili ni kaa. Kamba hawakuruka milima. Anayeweza kuwavusha kutoka bonde moja hadi jingine ni binadamu.

Hapa ndipo kile kifuko cha jike kinapokuwa suala la sera. Kwa samaki wengi, mtu akimhamisha mmoja pekee, mwisho wake ni kifo bila uzao. Kwa kamba, jike mmoja aliyekwisha kujamiiana, akitiwa ndani ya gunia lenye unyevu na kusafirishwa kwa saa kadhaa, anabeba ukoo mzima. Ana uwezo wa kupumua nje ya maji mradi mashavu yake hayakukauka, na anaweza kutembea nchi kavu akatafuta dimbwi jipya.

Mabwawa ya kumpokea yapo. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza 2009 ulilenga kuchimba mabwawa ya samaki 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140. Kuna pia maelfu ya visima vya wazi, silanga na mifereji ya kunyunyizia mashamba. Kila kimoja kina ukingo wa udongo, na kila ukingo unachimbika.

Kishawishi cha kuwasambaza nacho kipo, tena kina sura ya wema. Kamba hula konokono wanaoeneza kichocho. Utafiti wa wanasayansi wa Kenya na Marekani uliochapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba, katika mazingira fulani, kuwatia kamba katika madimbwi kulipunguza konokono na maambukizi miongoni mwa watoto.

Mzazi ambaye mwanawe anakojoa damu hawezi kulaumiwa akivutiwa na dawa kama hiyo. Lakini dawa ya kumeza huisha mwilini. Kamba akishatiwa dimbwini haondoki. Dimbwi likifurika hufuata maji hadi mtoni, na likikauka hujichimbia. Hula konokono, na pia hula mayai ya samaki, viluwiluwi vya vyura na mimea. Uamuzi wa kumtumia hauwezi kuachiwa kijiji kimoja, kwa kuwa matokeo yake hayabaki katika kijiji kimoja.

Funzo la Madagascar

Nchi iliyo ng'ambo ya bahari inaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kwenda mrama. Madagascar ina kamba wake wa asili, wanaokua polepole na kuchukua miaka kabla ya kuzaa. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, kamba mwingine wa kigeni mwenye madoa ya marumaru alijitokeza masokoni karibu na mji mkuu, Antananarivo.

Kamba huyo, binamu wa huyu wa Naivasha, hana madume. Wote ni majike, na kila mmoja hutaga mayai yanayoanguliwa bila kurutubishwa, watoto wakawa nakala ya mama. Wanasayansi walimtambua kwa mara ya kwanza miongoni mwa wanyama wa kufugwa nyumbani nchini Ujerumani mnamo 1995, na mwaka wa 2017 akapewa rasmi jina la Procambarus virginalis.

Kati ya 2007 na 2017, eneo analopatikana Madagascar lilipanuka takriban mara 100. Waliomweneza, kwa sehemu kubwa, ni watu waliomuuza na kumnunua akiwa hai kama chakula cha bei nafuu. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na njaa, na ndoo.

Kamba wa Naivasha bado anahitaji dume. Lakini kwa kuwa jike huhifadhi mbegu, tofauti kati ya viumbe hao wawili siku ya kuhamishwa si kubwa kama inavyodhaniwa.

Kinachopaswa kufanywa

Sheria si kikwazo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza mtu kuingiza mnyama yeyote, wa kigeni au wa asili, katika mto, ziwa au ardhioevu bila idhini. Taasisi nazo zipo: Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), na serikali za kaunti ambazo tangu 2013 zina jukumu katika uvuvi.

Kinachohitajika kwanza ni kuacha kutegemea tani za mavuno kama kipimo pekee. Idadi ya watoto ukingoni, uwiano wa madume na majike, madume walio katika sura ya kuzaa na mashimo yaliyozibwa ni vipimo vinavyotabiri mwaka ujao. Tani zilizovuliwa hueleza mwaka uliopita tu.

Pili, biashara ya kamba, pale inaporuhusiwa, iwe ya kamba waliokwisha kuchemshwa au kugandishwa kwenye barafu kabla ya kutoka kando ya ziwa. Mvuvi hapotezi riziki yake kwa sharti hilo, ilhali jike mwenye mbegu hapati nauli ya kwenda bonde jingine.

Tatu, mito iliyosalia na kaa wa asili iorodheshwe na kuchunguzwa mapema. Kamba wakigunduliwa katika bwawa moja wakiwa wachache, yawezekana kuwadhibiti kabla ya mvua kuwashusha mtoni. Wakishafika mtoni, hakuna nchi iliyo na mfano rahisi wa kuigwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa kumzuia mnyama anayechimba una gharama isiyo na mwisho.

Nne, wakulima waelezwe kwa lugha wanayoielewa kwamba kukausha bwawa lenye kamba hakutoshi. Kingo zichunguzwe, mashimo yatafutwe, na afisa wa uvuvi aarifiwe kabla ya maji kurudishwa.

Kenya ilimleta kamba huyu ikitazama soko na mavuno. Haikutazama shimo. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mtego bado huinuliwa na kuhesabiwa kana kwamba kilichomo ndicho kilichopo. Msimu ambao mitego itatoka mitupu ndio hasa unaofaa watafiti kuteremka ukingoni na jembe.